Tabaka la Chini

Ugumu wa kubadili anga hauko angani. Uko kwenye nywele.

Ukingo wa bega unakatika kwa dakika moja. Paa la bati, dakika mbili. Lakini nywele za mtoto wa miaka saba, zilizosukwa na mama yake alfajiri na kufumuka kwa michezo kabla ya saa sita, zina matundu madogo madogo yasiyohesabika, na katika kila tundu anga la zamani limejificha. Ukiliacha humo, mtazamaji hatajua kasoro iko wapi, ila atajua ipo. Lusajo Mwakisyala alikuwa kwenye nywele za Bupe tangu saa mbili asubuhi, na hakutaka kuacha hata tundu moja.

Bupe alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake. Mtoto huyo alikuwa amefariki Jumapili. Leo ilikuwa Jumanne, na kesho saa nane mchana angezikwa. Picha hii aliyokuwa akiirekebisha ingetangulia mbele ya jeneza, kisha ingepachikwa msalabani kwenye kigae cha kioo, kama ilivyokuwa desturi ya Tukuyu yote: marehemu hazikwi chini ya anga jeupe. Hata mzee aliyekufa kwa pombe na kukosa wa kumlilia alipewa buluu yake.

Nje ya dirisha anga lilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele, kama jana, kama kila siku kwa miaka kumi na tisa, tangu ndege zisizo na rubani zilipoanza kumwaga unga wa chokaa juu sana ili kupunguza joto la dunia. Unga huo watu waliuita utando. Chini yake hapakuwa na mawingu ya kuhesabika wala kivuli cha maana. Palikuwa na mwanga tu, uliotoka pande zote na kufifia pande zote.

Kwenye kioo cha kishikwambi cha Lusajo kulikuwa na matabaka manne. La chini kabisa lilikuwa picha yenyewe, kama ilivyotoka kwenye kamera: Bupe amesimama uwanja wa shule, sketi ya sare, soksi zimeshuka, nyuma yake anga kama ukuta usiopakwa rangi. Juu yake barakoa, tabaka la nyeusi na nyeupe tu. Palipo peupe huonekana, palipo peusi hufichwa. Juu ya barakoa anga jipya. Na juu ya yote rangi nyepesi ya joto, kwa sababu jua likiwepo angani lazima lionekane na shavuni.

Anga jipya alilichagua Bupe mwenyewe.

Lusajo alikuwa na hifadhi ya mbingu mia tatu na ushee, zilizopigwa kabla ya utando, kila moja na mahali pake na saa yake. Miezi saba iliyopita, alipopiga picha za wanafunzi kwa ile kamera yake kuukuu ya lenzi ya kioo, Bupe alikuja kukaa kwenye stuli ya karakana na kuzipitia zote.

"Shangazi, hizi ni za kweli?"

"Zilikuwa."

"Watu walikuwa wanaziona bure tu? Kila siku?"

"Kila siku. Wengine hata hawakuwa wanatazama juu."

Mtoto alifungua mbingu nyingine mbili. Kisha akasema, "Yangu usiiunganishe. Bado nachagua."

Wenzake mia mbili na kumi na tatu walipata buluu zao wiki hiyo hiyo. Yake ilibaki na matabaka wazi, ikisubiri. Alichagua wiki iliyopita, akiwa kitandani, pumzi ikimkata kila maneno mawili. Alimwambia mama yake anataka lile lenye wingu lililochelewa. Lusajo alijua mara moja ni lipi: namba themanini na nane, ufuko wa Matema, mwezi Juni, saa tatu na nusu asubuhi. Buluu tupu, na pembeni kabisa kiwingu kimoja kidogo, kama mwanafunzi anayekimbilia paredi.

Kilichobaki kilikuwa kivuli. Jua la namba themanini na nane lilikuwa kushoto, kwa hiyo kivuli kilipaswa kuangukia kulia. Lusajo alinakili umbo la Bupe, akalifanya jeusi, akalilaza chini, akalinyoosha kwa kadiri ya saa tatu na nusu. Likawa tabaka la tano. Baada ya hapo alitakiwa kubonyeza Unganisha, na kazi ingekuwa imekwisha.

Kubonyeza hivyo hakukuwa jambo dogo. Chini ya Sheria ya Picha Moja, kila picha ilikuwa na sura moja tu katika Daftari la Taifa. Fundi mwenye leseni akiunganisha, matabaka huwa moja, na sura ya zamani hufutwa popote ilipo: kwenye simu, kwenye hifadhi, kwenye kigae cha kaburi. Sheria ilitungwa baada ya uchaguzi mmoja ulioharibiwa na picha za kughushi. Ilikusudia kuua uongo, na haikufafanua ni sura ipi ibaki.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe aliposikia mtu anabisha hodi.

*

Mgeni alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, amevaa makoti mawili, amebeba kisanduku cha chuma chenye kufuli.

"Shikamoo, mama. Naitwa Kihwele, mkaguzi wa Tume ya Mapitio ya Utando. Niliwaandikia mafundi wote wa wilaya."

"Marahaba. Nilisoma barua yako, sikupata nafasi ya kujibu. Tuna msiba."

"Nimesikia njiani. Poleni sana." Alivuta kola ya koti la juu. "Mimi ni wa Iringa, kwetu tunajisifia baridi. Huku nimevaa makoti mawili na meno bado yanagongana."

"Wenyeji tunavaa matatu. Keti."

Alipoketi alieleza kwa ufupi, na Lusajo alimpenda kwa ufupi huo. Kiasi cha chokaa kinachomwagwa kiliamuliwa na mashine iitwayo Mizani. Mizani haikuwa na macho yake yenyewe. Walioitunga waliogopa kuwa vipimo vichache vingeweza kuharibika au kuharibiwa na wenye nia mbaya, kwa hiyo waliipa mamilioni ya macho: picha zote za Daftari. Kila picha yenye anga, saa na mahali ilikuwa kipimo kimoja. Anga jeupe, utando mzito. Anga la buluu, utando umepungua, ongeza.

Lusajo aliacha kalamu yake mezani.

"Na simu hubadili anga kabla picha haijaingia kwenye Daftari," alisema.

"Miaka tisa sasa, tangu simu zote ziwekewe hicho kitu. Na pale simu ilipoacha, mafundi mkamalizia. Mizani ikaona buluu Rungwe nzima. Ikaagiza chokaa. Anga likazidi kuwa jeupe, watu wakazidi kulipamba, ikaona buluu zaidi."

"Vituo vya kupimia?"

"Vilikuwa vitatu kanda hii. Vilipingana na picha milioni nne. Vikafungwa kwa madai kwamba ni vibovu."

"Hakuna aliyeiambia hiyo mashine kwamba watu hupamba picha?"

"Walioitunga walidhani watu hupamba nyuso."

Hakuna aliyecheka. Kihwele alitoa karatasi na kuisukuma mezani. Mizani ingeweza kusahihishwa katika kikao kimoja tu kwa mwaka, na kikao kilikuwa keshokutwa. Ilihitaji, kutoka kila wilaya, picha kumi na mbili za msimu uliopita zenye anga lake la asili na muhuri wa kamera usiovunjwa. Picha za leo zisingesaidia. Zingesubiri kikao cha mwakani. Rungwe ilikuwa na kumi na moja: tisa kutoka kamera ya shamba moja la chai iliyopasuka kioo na kusahaulika juu ya nguzo, mbili za mpenda ndege mmoja wa Kiwira.

"Wilaya ikikosa moja?"

"Inabaki kama ilivyo. Chokaa mwaka mwingine." Alitazama kioo nyuma ya Lusajo, na Lusajo akajua mgeni ameona orodha ya matabaka ubavuni mwa picha. "Hiyo haijaunganishwa."

"Ni ya mtoto wa kaka yangu. Ndiye tunayemzika."

Kihwele alivua kofia.

"Siwezi kukuomba," alisema. "Ila wajibu wangu ni kukueleza. Hujaikabidhi kwa mama yake, kwa hiyo kisheria bado ni yako uliyeipiga. Ukitia sahihi sasa naifunga kwenye kisanduku hiki, na haitaguswa tena milele. Nikiondoka bila hiyo, naondoka. Kesho saa sita gari langu linaanza safari."

"Hii safu ya mwisho kwenye karatasi ni nini?"

"Leseni zilizounganisha picha za wilaya hii. Ni ya takwimu tu, mama, si ya mashtaka."

Leseni ya Lusajo ilikuwa ya kwanza. Picha laki moja na elfu kumi na nane. Asilimia arobaini na moja.

Lusajo aliisoma mara mbili, kama alivyosoma kila tarakimu. Kisha akakumbuka ya daktari. Daktari alikuwa ameueleza ugonjwa wa Bupe kwa maneno matatu: mifupa haikupata jua. Mbavu zikalainika, na kichomi kilipoingia hazikuwa na nguvu ya kusukuma nje makohozi. Mambo hayo mawili hayakuwa na nafasi kati yake ya kupitisha hata shaka moja. Yalifuatana kama hesabu ya darasa la nne.

"Njoo msibani kesho saa nne," alimwambia Kihwele. "Nitakuwa na jibu."

"Ungeweza kunipa sasa."

"Najua ningeweza."

*

Nyumbani kwa Subilaga, mama yake Bupe, wanawake walikaa chini ya turubai wakimenya ndizi, mabeseni kati ya miguu, khanga juu ya masweta juu ya masweta. Mama mmoja mwenye ukwasi wa maneno, jirani wa miaka mingi, alimwona Lusajo akiingia na kishikwambi chake kwapani.

"Fundi mbingu kaja! Hebu tupakie na sisi kajua kidogo, kuni zinatoa machozi tu."

"Machozi yenyewe ndiyo ya msiba, wewe unalalamikia nini?" akadakia mwingine, na wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachoanza na kujikumbuka.

Njia nzima Lusajo alikuwa amepima. Kutia sahihi kimya kimya kungekuwa sahihi kwa wilaya na wizi kwa mama. Kuunganisha kimya kimya kungekuwa hisani kwa mama na kosa la laki moja na elfu kumi na nane na moja. Njia ya tatu ilikuwa kusema, na aliichagua si kwa kuwa ilikuwa nyepesi bali kwa kuwa ndiyo pekee ambayo haikuficha tabaka lolote.

Subilaga alikuwa chumba cha ndani, ameketi kwenye godoro lililolazwa chini, mgongo ukutani. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Wifi. Umeimaliza?"

"Iko tayari kuonwa. Sijaiunganisha."

Alimpa kishikwambi. Subilaga alikiweka magotini, akatazama, kisha akagusa pembe ya juu kwa ncha ya kidole.

"Ndilo hili. Lililochelewa." Alimgeukia Lusajo. "Asante, wifi. Mungu akubariki." Kidole kikashuka polepole, kwenye nywele, kwenye sketi, kikafika chini na kusimama. "Hiki kirefu pembeni yake nini?"

"Kivuli chake."

"Bupe hakuwa na kivuli."

"Chini ya anga hili angekuwa nacho. Bila hicho kila mtu angeona anga si lake."

Subilaga aliinama. Kwenye mwili, sketi na soksi zilikuwa zimeficha nusu ya jambo. Ardhini hapakuwa na cha kuficha: kivuli kilichonyooshwa kwa kadiri ya saa tatu na nusu kilikuwa na miguu mirefu miwili iliyopinda kwenda nje, na uwazi katikati yake ungepitisha mpira.

"Inyooshe," Subilaga alisema.

"Naweza."

"Basi inyooshe, wifi. Na ile yake mwenyewe inyooshe. Walimwita Matege shule nzima. Asizikwe nayo."

"Ni dakika kumi." Lusajo hakushika kalamu. "Kabla sijaigusa, kuna jambo unapaswa kulijua. Ukishalijua, utakachosema ndicho nitakachofanya."

Alilieleza kwa mpangilio, kama alivyoelezwa, bila kuongeza, kuanzia mkaguzi wa makoti mawili na kisanduku chake. Mizani. Simu. Vituo vilivyofungwa. Kumi na moja, na moja iliyokosekana. Subilaga alisikiliza akitazama kioo.

"Rudia hapo kwenye mashine."

Lusajo alirudia.

"Kwa hiyo wakiona buluu, wanazidisha."

"Ndiyo."

"Na buluu walikuwa wanaitoa wapi?"

"Kwenye simu za watu. Na kwangu."

"Kwako nyingi?"

"Karibu nusu ya wilaya."

Nje kisu kilianguka ndani ya beseni na mtu akamcheka aliyekiangusha.

"Mimi nilikuletea ngapi?"

"Kumi na saba. Za harusi yenu. Ubatizo wake. Ya kaka kwenye msalaba."

"Umezihesabu."

"Nilizihesabu leo."

"Na kama asingekuja huyo mtu wa makoti?"

"Ningeunganisha. Ungenishukuru, nami ningeitikia."

Subilaga alifumba macho. Alipoyafumbua alisema, "Lizime hilo anga."

Kando ya kila tabaka palikuwa na alama ndogo ya jicho. Lusajo aligusa jicho la anga, la joto, la kivuli. Buluu ikaondoka, na kiwingu, na miguu ile mirefu ardhini. Bupe akabaki kwenye uwanja wa shule bila kivuli, macho makubwa wazi, kwa sababu hakuwahi kuwa na kitu cha kumfanya ayakunje.

"Wiki nzima hakuniomba kitu," Subilaga alisema. "Hakuomba soda. Aliomba hilo tu." Alipitisha kiganja juu ya kioo kama anayefuta vumbi. "Sasa nisikilize. Mimi ndiye ninayemnyima. Usije ukakaa huko kwako ukajiambia ulifanya uamuzi mgumu. Hukufanya. Umeniletea mimi."

"Nimekuletea wewe."

"Nikabidhi picha, na mwambie aje na kisanduku chake, niweke dole gumba mimi. Na picha itangulie hivi hivi. Waone ulichokuwa unakifuta."

"Wifi..."

"Usiniite hivyo leo."

*

Kesho yake Kihwele alifika saa nne, akaifunga picha saa nne na robo, na saa sita gari lake likaondoka. Kabla ya kuondoka alimweleza Lusajo, kwa kuwa aliulizwa, kwamba kikao kikikubali ndege zitatua ndani ya wiki moja. Lakini chokaa iliyokwisha kumwagwa iko juu mno kuoshwa na mvua. Hushuka yenyewe, polepole, na vipimo vyao vilisema miezi ishirini na miwili. Lusajo alifanya hesabu bila kutaka. Bupe angekuwa na miaka tisa.

Saa nane wapiga tarumbeta wa kanisa walitangulia, kisha picha, kisha jeneza fupi. Subilaga aliibeba mwenyewe, kifuani, uso wa picha ukitazama mbele. Minong'ono ilianza kwenye kona ya kwanza.

"Mbona haina anga?"

"Labda hakuwahi kumaliza."

"Shangazi mwenyewe? Watu baki anawapa buluu, damu yake anainyima?"

"Jamani, nyamazeni, mnasikika."

Walikuwa wanasikika. Lusajo alitembea nyuma ya jeneza bila kugeuka.

Kaburi lilichimbwa hatua mbili kutoka la kaka yake. Kwenye kigae cha kaka anga lilikuwa buluu kamili, kazi nzuri, kingo safi, kivuli upande wake. Lusajo alikuwa na fahari nayo kwa miaka minne. Sasa aliitazama kama fundi seremala anavyotazama kiti kilichomwangusha mtu.

Mchungaji aliposema amina ya mwisho, Subilaga aliinua fremu ya picha juu kwa mikono miwili ili watu wote waione kabla ya kupachikwa. Minong'ono ikakatika. Anga la ndani ya fremu na anga la nje yake yalikuwa rangi moja, uzito mmoja, na kutoka pale walipokuwa wamesimama haikuonekana tena mahali picha inapoishia. Palikuwa na mbao nne tu zilizoshika hewa, na ndani yake mtoto mwenye soksi zilizoshuka, anawatazama. Mama yule jirani wa maneno mengi aliinua macho juu, polepole, kama mtu aliyeitwa. Kisha mwingine. Kisha karibu wote.

Watu walipoanza kutawanyika Subilaga alipita mbele ya Lusajo. Alisimama. Alimtazama usoni, kwa adabu.

"Asante, fundi," alisema, akaendelea na njia yake.

Miaka kumi na mmoja ya undugu, na neno hilo, fundi, hakuwahi kulitumia kwake hata mara moja.

Lusajo alibaki mpaka udongo ukasawazishwa na wachimbaji wakaondoka na makoleo yao. Kisha akasogea karibu na kigae cha Bupe na kukikagua, kwa kuwa ndivyo mikono na macho yake yalivyozoeshwa: kwanza bega, kisha shavu, mwisho nywele. Alipitia tundu moja baada ya jingine, kwa mwendo ule ule wa jana asubuhi. Katika kila tundu lilikuwamo anga lile lile la nyuma. Hapakuwa na ukingo hata mmoja wa kusafisha.